Ustaarabu wa Kushindana (3): Jembe, Nyumba na Jukwaa Moja

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, hapa Mkuyuni, Mwanza, kuna watu hawasalimiani. Sokoni nimemwona mama muuza dagaa akimgeuzia mgongo mteja wake wa siku zote: mume wa huyu ni balozi wa chama, kijana wa yule alikuwa barabarani kwenye maandamano siku ile. Hata "mwangaluka" ya asubuhi, ambayo Msukuma hamnyimi mtu anayemdai, imekatika. Damu iliyomwagika ina madai yake, na Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliundwa Novemba 2025 kuchunguza yaliyotokea. Mimi naendelea na hoja niliyoianza katika makala zilizotangulia: watu wenye pande mbili wanatazamanaje usoni?

Tuliwaacha uwanjani Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana. Makundi haya hayapokezani zamu. Yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanahama kwa miguu yao kwenda kunakowavuta. Kura ndiyo hiyo. Ningi, yaani manju wa kundi, ana ruhusa ya kumsema mpinzani wake vibaya sana: dawa zake, sauti yake, hata ukoo wake. Lakini mpinzani yupo palepale, anasikia, na jibu analitunga kabla jua halijazama. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers aliyeijenga parokia ya Bujora kule Kisesa, aliuona uzito wa desturi hii na kuipa nafasi katika sikukuu ya ngoma ya Bulabo. Wamisionari wengine walisikia makelele tu.

Sasa nije kwenye tukio ninalolipenda kuliko yote katika historia ya siasa zetu, uchaguzi wa Septemba 1965. Nchi ilikuwa imeingia katika mfumo wa chama kimoja, na karibu katika kila jimbo TANU iliteua wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Sheria iliwataka wafanye kampeni pamoja. Jembe na Nyumba walikwenda mkutano mmoja, wakapanda jukwaa moja, wakaulizwa maswali na umati uleule. Ilikuwa marufuku kutaja kabila, dini au rangi ya mtu, na marufuku kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamuunga mkono yeyote. Tena ilibidi waseme Kiswahili, hata vijijini Usukuma ambako wazee wengi walikisikia kwa shida.

Hapa Mwanza aligombea Paul Bomani. Kijana wa leo huenda analijua jina hilo kwa kulisikia tu. Huyu ndiye aliyewakusanya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa mpaka likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mwaka 1955, likawatoa mikononi mwa wafanyabiashara waliowapunja kwenye mizani. Mwaka 1965 alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi nzima. Akasimama jukwaani sawa na mgombea mwenzake, akasikilizwa, akapigiwa kura, akashindwa. Waziri wa Fedha, nyumbani kwake! Nyerere alimteua baadaye kuwa mbunge na kumrudisha kwenye uwaziri, na watu wa Mwanza hawakuitwa wasaliti kwa kumkataa.

Najua dosari ya enzi ile, na sitaificha. Aliyetaka chama kingine hakuwa na jukwaa lolote. Heshima ile ilikuwa ya watu waliokwisha kuruhusiwa kuingia, na mlango ulifungwa nyuma yao. Ndiyo maana yaliyotokea Aprili 2025 yaniuma zaidi. Chadema walikataa kusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi wakidai mageuzi kwanza, na Tume ya Uchaguzi ikawaambia hawatashiriki. Karatasi iliyotungwa ili washindani waheshimiane ikawa sababu ya mshindani kutokuwepo. Huwezi kumheshimu mpinzani uliyemfungia nje. Unachobaki nacho ni kimya chake, na kimya hicho tumeona kilikoishia.

Kwa upande mwingine, vijana wetu nao wasijidanganye kwamba tusi ni ujasiri. Kila chama siku hizi kina uwanja wake na spika zake. Wa uwanja wa Furahisha hamsikii wa uwanja wa Sahara, basi mtu anamtukana asiyekuwepo na kushangiliwa na waliokwisha kukubaliana naye. Ningi angeona aibu kushinda namna hiyo. Na wanaotukanana leo, kesho wako kitanda kimoja. Lawrence Masha alishindwa ubunge na Ezekia Wenje wa Chadema hapa Nyamagana mwaka 2010 akiwa CCM, mwaka 2015 akahamia Chadema, kisha akarudi CCM. Wafuasi waliovunjiana undugu kwa ajili yao walibaki na ugomvi wao.

Uchaguzi wa serikali za mitaa utarudi 2029. Nawaomba wenyeviti wa mitaa ya Mkuyuni, makatibu wa vyama vyote na wazee wa misikiti na makanisa mkubaliane mapema: kila mtaa uwe na walau mkutano mmoja ambao wagombea wote, bila chama chochote kuachwa nje, watapanda jukwaa moja na kuulizwa maswali na watu wale wale. Msisubiri agizo kutoka Dodoma.