UZI: Kwa nini deni la kaunti huishia kwenye daftari la duka la mtaani

Kila mdahalo lazima kuna mgombea atasema "tutainua wafanyabiashara wadogo." Ukumbi unapiga makofi, mwongozaji anaenda kwa swali lingine. Hakuna anayeuliza huyo mfanyabiashara wa mji mdogo saa hii anainuliwa na nani, na yeye anamwinua nani. Tuanzie hapo, juu ukishajua hiyo utaelewa pia ni nini humwangusha.

Nitatumia mji wa majani chai kwa sababu ndio nimekulia. Sitataja kaunti. Ukiwa Kericho, Nyamira, Murang'a au Kirinyaga utadhani naongea kuhusu kwenu, na ni sawa tu.

Mkulima mdogo anayepeleka chai kwa viwanda vya KTDA hulipwa kwa njia mbili: pesa ya kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka, halafu bonasi mara moja kwa mwaka, mara nyingi kwenye Oktoba hivi. Katikati ya hapo maisha hayangoji. Unga unaisha, karo inaitishwa, mtoto anapata homa saa nne usiku. Kwa hivyo mkulima anaenda dukani na anasema neno moja tu: "Niandikie."

Shangazi yangu ana duka kama hilo. Daftari lake ni lile kubwa la jalada gumu, kila mteja na ukurasa wake. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna mdhamini. Dhamana ni kwamba anajua shamba lako, anajua mama yako, na anajua kituo unachopimia majani. Mwenye hajalipa huanza kupitia njia ya nyuma ili asionekane, na ndani ya wiki moja mji mzima unajua kwa nini fulani siku hizi anapitia kwa kina mama wa mitumba.

Upande wa pili wa huo ukurasa ni kwamba wateja nao wanambeba. Sukari yake ni ghali kidogo kuliko ya supamaketi ya mji mkubwa, na kila mtu anajua, lakini bado wananunua kwake. Si eti ni huruma. Supamaketi haiwezi kukuandikia. Hizo shilingi chache za ziada ni kama bima: unalipa leo ndiyo siku ukikwama usikose unga. Na mjomba alipolazwa, kikundi cha mchango kilichofunguliwa kwa simu kilijaa wateja wa dukani, wengine wakiwa bado na deni kwenye daftari lile lile! Fundi wa viti alituma mia mbili. Mwenye boda alimpeleka shangazi hospitali wiki mbili bila kuitisha pesa, na hadi leo petroli yake ikiisha katikati ya mwezi anajua pa kukopa.

Sasa angalia vile mdahalo huharibu hii picha. Kuna wanaosema wenye maduka wanawanyonya wananchi kwa bei. Kuna wanaosema "nunua kwa mwenyeji," kana kwamba ni suala la uzalendo. Wote wanaongea kuhusu bei. Mkopo hautajwi kabisa, ilhali ndio unafanya mji usimame kati ya bonasi moja na nyingine.

Kaunti inaingia wapi?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inapatia kaunti kazi ya kuendeleza biashara: masoko, leseni, vyama vya ushirika. Lakini zaidi ya kutoza leseni, kaunti yenyewe ni mteja. Tangu ugatuzi uanze 2013, katika miji mingi midogo kaunti imekuwa mnunuzi mkubwa sana: chakula, karatasi, viti vya kukodi, ukarabati wa zahanati. Sheria inataka pesa hizo zifikie watu wa kawaida. Mpango wa AGPO unatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na kuna kifungu ambacho sijawahi kusikia kikitajwa jukwaani: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti itengewe wakaaji wa kaunti hiyo.

Kwa karatasi, tamu sana. Kikundi cha shangazi kilipata tenda ya kupeleka mchele, maharagwe na sukari kwa taasisi moja ya umma. Wakachukua mkopo kwa sacco ili wanunue mzigo. Wakapeleka, stakabadhi zikatiwa sahihi, ankara ikapokelewa. Halafu kimya. "Rudi wiki ijayo, mama." Mwaka mmoja na miezi minne.

Sacco haingoji kaunti. Shangazi akawa analipa mkopo kwa pesa za duka. Muuzaji wa jumla aliyekuwa anampa mzigo alipe baadaye akaanza kudai pesa taslimu. Na siku moja, mbele ya watu niliokua nikiwaita mama na baba, akasema haandiki tena. Nilikuwa kwa kaunta siku hiyo. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua unga na mafuta alirudisha mafuta, akabaki na unga, akaenda bila kusema kitu.

Kwa hivyo ukisikia "madeni ambayo hayajalipwa" usifikirie tu mwanakandarasi wa suti. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha kaunti zikidaiwa, kwa jumla, zaidi ya shilingi bilioni 150. Sehemu ya hizo imekopwa kutoka kwa daftari kama la shangazi, na mwenye daftari hakuulizwa.

Kwa nini kaunti hazilipi? Serikali za kaunti husema Hazina ya Kitaifa inachelewesha mgao, na mara nyingi ni kweli. Lakini kuna ile tabia ya kuandika kwa bajeti mapato ya ndani ambayo kila mtu chumbani anajua hayatakusanywa, halafu tenda zinatolewa kana kwamba pesa iko. Juni 30 ikifika mwaka wa fedha unafungwa, ankara inavuka na kuitwa deni la zamani. Gavana mpya akiingia, anaunda kamati ya kuhakiki madeni, na mstari unaanza upya.

Hapa lazima tuwe wakweli: uhakiki si ujanja tu. Kuna madeni hewa, ya barabara ambazo hazikujengwa. Shida ni kwamba mama aliyepeleka magunia ya maharagwe na ana stakabadhi anawekwa foleni moja na mwenye barabara hewa, na yeye hana wakili.

Sheria hiyo ya 2015 inaruhusu anayecheleweshewa malipo adai riba. Ebu niambie ni mama gani wa duka ataidai kaunti riba na bado atarajie tenda nyingine. Na muswada wa kulazimisha malipo kwa wakati uliwahi kufika Seneti. Mkiwa na mgombea wa useneta mbele yenu, muulizeni msimamo wake kuhusu huo.

Kwa mgombea ugavana ningeuliza hivi: ankara ndogo zilizo na stakabadhi kamili utazilipa ndani ya siku ngapi, na utachapisha orodha yake? Mimi naona ndogo zilipwe kwanza. Najua jibu la watu wa ununuzi, ati watu watagawanya tenda kubwa vipande vipande ndiyo waingie foleni fupi. Ni hoja ya maana, lakini kugawanya tenda hivyo tayari ni kosa kisheria. Atakayejaribu ashtakiwe, wengine walipwe.

Shangazi alilipwa mwishowe, bila riba. Daftari limerudi kwa kaunta, ila sasa ni kurasa tisa tu. Yule mzee si mmoja wao.

Wikendi nitafafanua leseni ya biashara na ada za soko, juu wengi mliuliza. Kama uliwahi kupelekea kaunti mzigo, andika hapo chini ulingoja miezi mingapi. Jina la kaunti si lazima.