Mwanga Unaikopesha Elektroni, Kisha Unadai

Wengi tukisikia kwamba leza inaweza kuongezea elektroni kasi, tunadhani kazi ni ndogo tu: chukua leza kali, ielekeze kwenye elektroni iliyo ndani ya ombwe, basi, itatoka mbio. Wapi! Kwenye ombwe mwanga haugawi nishati bure, unakopesha. Ni kama bumu letu: linaingia leo, makato yanakusubiri kazini.

Sababu ni hii. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, na nguvu yake ya umeme hugeuza mwelekeo kila nusu wimbi. Kwa leza yenye urefu wa wimbi wa mikromita 1, inageuka mara trilioni 600 kwa sekunde. Elektroni haiwezi kufikia kasi ya mwanga, kwa hiyo wimbi linaipita. Nusu moja inaipa nishati, nusu inayofuata inaichukua. Wimbi likishapita lote, elektroni inabaki na ileile iliyoanza nayo. Wanafizikia wanaiita kanuni ya Lawson na Woodward.

Sasa inakwepaje deni? Inatoka kabla haijadaiwa. Kanuni hiyo inataka wimbi liwe pana bila mwisho. Leza ikikusanywa kwenye doa la mikromita chache, elektroni iliyoingia kwa kasi na kwa wakati wake inaweza kuchepuka nje ya mwali ikiwa bado inasukumwa. Hapo inaondoka na chake.

Kasheshe ni kuiingiza kwa wakati huo. Mwaka 2016 watafiti nchini Ufaransa walichapisha jibu: walipiga leza kwenye uso wa kitu kigumu, uso ukawa plazma inayoakisi kama kioo, na elektroni zikaruka kutoka hapo moja kwa moja hadi ndani ya mwanga ulioakisiwa. Zilifikia takriban elektronivolti milioni 10 katika umbali usiofika milimita moja.

Mashine za kutibu saratani, kama zile za Ocean Road jijini Dar es Salaam, nazo huchapua elektroni hadi mamilioni ya elektronivolti, ila kwa mikrowevu. Leza bado haijazing'oa: elektroni zake hutoka na nishati zinazopishana, wakati mgonjwa anahitaji dozi isiyoyumba.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, mwanafunzi wa kidato cha sita akikuuliza kwa nini tusiongeze tu ukali wa leza, mjibu: mkopo utakua, na deni nalo litakua. Cha muhimu ni muda wa kutoka.