Muunda eropleni hahitaji makofi

Ndege anapaa, ndege inapaa. Neno ni lile lile, na upatanisho wa kisarufi pekee ndio unaotenganisha kiumbe na chombo. Nililikumbuka somo hili Desemba iliyopita nilipokwenda Nyamira, nikapelekwa kwa jirani kumtazama mwanawe akiunda eropleni. Kiunzi cha mabomba ya chuma kilisimama kati ya migomba na ghala, mabawa yamevikwa mabati ya kuezekea, na injini ya pikipiki imefungwa puani. Umati ulishangilia. Mimi, nakiri, niliingiwa na hofu.

Si kwamba nilimdharau. Mafundi wetu wa jua kali mjini Kisii, wanaounda majiko na masanduku, wanajua kukata bati, kulikunja na kulipiga ribiti. Kazi hiyo hiyo ndiyo aifanyayo Mmarekani aundaye eropleni ya alumini katika gereji yake. Chama cha waundaji hao, EAA, kiliasisiwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953, na maelfu ya eropleni zilizoundwa nyumbani zimekwisha kupaa. Mikono haina tofauti.

Tofauti huanzia kwenye metali. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na chuma huwa kizito karibu mara tatu kuliko alumini ya ujazo ule ule. Je, tuyeyushe sufuria kuukuu? La hasha! Alumini ya sufuria ni laini mno. Ile ya mabawa huchanganywa na shaba au magnesi, ikapashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Mjerumani Alfred Wilm aligundua mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ukiachwa siku kadhaa huzidi kuwa mgumu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha alumini hizo mbili. Namba iliyopigwa chapa ndiyo isemayo.

Nayo ardhi yetu haina huruma. Kisii iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Hata chombo kikipaa, kitatua wapi? Ukiacha uwanja wa Suneka, Gusii ni vilima, chai, na nyumba zilizobanana.

Mnamo 2010 nchi nzima ilimsikia Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyeunda eropleni nyumbani kwake na kuitia injini ya Toyota. Elimu aliitafuta kwenye intaneti. Chombo hicho hakikupaa, naye hakukata tamaa, akaunda vingine. Tulimshangilia, kisha tukamcheka, na katika hayo mawili hapakuwa na lolote la kumfaa.

Huko Marekani chombo hukaguliwa kabla ya kuruka, na kwa saa 25 au 40 za mwanzo hakibebi abiria. Wanachama wenye uzoefu huja gerejini kutazama ribiti kabla hazijafunikwa. Kwetu huja kamera, na mwanasiasa mwenye ahadi. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege akifika uani mapema, bila pingu wala karipio, ataokoa maisha. Mhadhiri wa uhandisi naye aje na vitabu vyake.

Hata sisi wanaisimu tuna deni. Maneno tunayo: bawa, usukani, ribiti, hata rafadha, ambayo watu wa pwani waliitumia kwa meli kabla haijapanda angani. Tumebishana miaka mingi juu ya istilahi za fasihi, ilhali kijana huyu hana hata kijitabu kimoja cha Kiswahili kimwelezacho jinsi ya kusoma mchoro wa bawa.

Nilimwuliza chombo chake kina uzito gani. Hakujua. Wala hakukasirika, alichukua spana, akafungua bawa la kushoto, tukalibeba watu wanne hadi kituo cha kununulia chai na kulitundika kwenye mizani. Kilo 41. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba kalamu yangu, akaiandika namba hiyo kiganjani.