Kujiongeza laivu: buni maneno, mzigo usiubuni

Leo naongea na nyie mnaouza laivu, na nyie mnaojibu wateja inboksi huku mtoto analia na kuna mtu mlangoni anasubiri kupimiwa mchele.

Kila siku nasikia, "Fulani anauza kwa sababu ana mdomo." Mimi siamini sana. Nimeshaangalia wenye mdomo wengi tu. Laivu dakika arobaini, vicheko, mioyo inapanda pembeni ya skrini, mwisho wa siku oda mbili. Halafu kuna wapole kabisa, mteja anawarushia swali la ghafla, wanalidaka na kuligeuza kuwa mauzo. Huko ndiko kujiongeza papo kwa papo, na mtu anaweza kujifunza.

Waliolijua hili vizuri ni waigizaji wetu wa zamani. Waulize wazazi waliokaa Dar miaka ya 90 kuhusu Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga na TOT ya Kapteni John Komba, iliyoanza 1992. (Komba ni mtu wa ziwa letu hili hili, kwao Lituhi, upande wa Ruvuma.) Upinzani wao ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Onyesho moja unapata ngoma, taarabu, sarakasi, vichekesho na igizo. Sasa sikiliza hii: igizo lenyewe halikuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana kisa tu. Nani anaingia kwanza, nani anamdanganya nani, siri inafichuka wapi, inaishaje. Maneno yalizaliwa pale pale mbele ya watu. Ukumbi ukicheka, mwigizaji anakivuta kile kipande. Ukumbi ukipoa, anakikata, anasonga mbele. Hata King Majuto, Amri Athumani aliyefariki Agosti 2018, tulimjua kwenye filamu, lakini jukwaa alilianza akiwa bado mtoto. Ile kasi ya kujibu aliitoa huko.

Kwa hiyo mifupa ilikuwa tayari nyumbani, nyama ndiyo iliyowekwa jukwaani.

Mifupa ya laivu yangu ni hii. Najua bei ya mwisho ninayoweza kushuka bila kula mtaji. Najua nina pisi ngapi, nimezihesabu kwa mkono asubuhi ile ile, sijakadiria. Najua basi linaondoka lini na mzigo unalipiwa shilingi ngapi. Na najua naanza na bidhaa gani, namaliza na ipi. Basi. Mengine naacha wazi. Ukikariri mpaka salamu, mteja akikukatiza katikati unakuwa kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya mgeni rasmi.

Nina rafiki anauza vyungu vya Wakisi. Kwa msiotoka huku: kina mama wa Kikisi kule Ikombe wanafinyanga, vyungu vinaletwa kwa mitumbwi mpaka mnada wa Lyulilo, pale Matema, siku ya Jumamosi. Yeye ananunua, anafunga na majani makavu ya mgomba na nyasi za mpunga, anapakia kwenye gari. Siku moja yuko laivu, watu sitini na kitu, mteja mmoja mwenye mgahawa Dodoma anataka vyungu vinane. Anauliza, "Dada, kwenye gesi kinakaa?"

Pesa ya vyungu vinane, kwa mtaji wake, ni ya kulipa kodi ya fremu. Angesema "ndiyo mpendwa, kinakaa vizuri," nani angembishia? Akasema, "Kwenye gesi sijawahi kukijaribu. Ngoja tujaribu wote." Akaazima jiko la mtungi mdogo kwa jirani, akatia maji, akawasha. Wakati maji yanapata moto akawa anasimulia vinavyofinyangwa, anajibu bei, anataniana na watu wanaobashiri kwenye komenti kama kitapona. Hakikupona. Kikalia pwaa, maji yakazima jiko.

Hapa ndipo wengi tungekata laivu na kusingizia mtandao. Yeye akaangalia kamera, akasema, "Jibu ndilo hilo, gesi hapana. Hivi ni vya kuni na mkaa, na maharage yake usiniulize, njoo uonje." Watu wakafa kwa kicheko. Yule wa Dodoma akachukua sita kwa ajili ya jiko lake la mkaa. Akapoteza chungu kimoja na oda ya viwili, lakini vile sita havikurudi na lawama.

Ndiyo maana nasema usiubuni mzigo. Chukua mchele. Wa Kyela unasifika kwa harufu, na kwa sababu hiyo hiyo kuna watu wanachanganya na mchele wa kwingine halafu wanaandika Kyela kwenye mfuko. Mteja akiuliza, "Ni Kyela tupu huu?" hapo hakuna sanaa. Kama mpunga uliuona unakobolewa, sema. Kama uliletewa, mpigie aliyekuletea, weka sauti ya nje, mteja asikie mwenyewe. Maana mchele haumuumbui muuzaji laivu, unamuumbua sufuriani, na wewe haupo pale kuongeza maneno.

Vitu vidogo havihitaji kipaji. Mvua ya huku, Machi mpaka Mei, ikipiga bati hamsikilizani. Weka karibu vipande vya boksi na makapeni, andika bei, inua juu, endelea kwa ishara. Watu hukaa kutazama kwa sababu inachekesha.

Na mazoezi yapo. Ijumaa jioni mimi na huyo wa vyungu tunarekodiana kwa simu bila kuposti. Mmoja anashika bidhaa, mwenzake anakuwa mteja msumbufu, maswali matano, hairuhusiwi kusimamisha. Jibu la uongo, unanunua soda. Mara ya mwisho nilimuuliza kama chungu cha maji kinaweza kuingia kwenye friza. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliomba funguo ya friza yangu.