Akodiani na Pumzi ya Jazi

Ukifungua akodiani utakuta ndani safu za ndimi nyembamba za chuma, kila moja imebanwa kwa ribiti kwenye kibati cha alumini. Mvukuto ukivutwa au kusukumwa, hewa hupita na ulimi hutetemeka. Sasa chukua ndimi mbili za noti moja: wa kwanza utetemeke mara 440 kwa sekunde, wa pili 443. Sikio halisikii noti mbili. Linasikia noti moja inayoyumba mara tatu kila sekunde. Fundi huitega tofauti hiyo makusudi, kwa kukwangua ulimi kidogo kidogo.

Myumbo huo ndio uliozipa ladha kumbi za dansi za Paris zilizoitwa bal musette, ambako wahamiaji wa Kiitalia waliingia na akodiani zao. Kwa waltz ni asali. Kwa jazi ni mzigo, maana mpigaji anapokimbiza noti, myumbo huzigandisha pamoja na mtu hasikii tena zinakoelekea. Ndiyo maana wapigaji wengi wa jazi hutaka ndimi zilingane karibu kabisa, au hufungulia hewa safu moja tu, sauti itoke kavu na wazi.

Mbelgiji Gus Viseur aliipiga jazi ya mtindo wa swing kwa akodiani tangu miaka ya 1930. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana walikimbilia magitaa ya umeme, na akodiani ikabaki chombo cha wazee. Aliyeitoa huko ni Richard Galliano, aliyezaliwa mwaka 1950, mtoto wa mwalimu wa akodiani. Ujanani alisikia tarumbeta ya Clifford Brown, akaanza kuiga solo zake. Baadaye Astor Piazzolla, Mwajentina aliyeifanya upya tango, alimshauri aifanyie musette ya Kifaransa vivyo hivyo. Mwaka 1991 ikatoka albamu ya New Musette, akiwa na gitaa, besi na ngoma.

Kwangu mimi, siri yote iko kwenye ile tarumbeta. Noti ya piano ikishagongwa hufifia tu. Ya akodiani unaweza kuianza kwa mnong'ono, ukaikuza, ukaikata ghafla, kama mpuliza tarumbeta. Mvukuto ni pafu. Ila pafu ni moja kwa mikono yote miwili: ukiukaza mvukuto ili wimbo wa mkono wa kulia upae, besi za kushoto nazo hupaa na kuumeza. Kwa hiyo penye mpiga besi, mkono wa kushoto hupewa kazi ndogo.

Aliyelielewa pafu hilo vizuri zaidi leo, naona, ni Vincent Peirani wa Nice, aliyezaliwa mwaka 1980. Katika albamu ya Belle Époque ya mwaka 2014 yuko na Emile Parisien wa saksafoni ya soprano, wawili tu, bila ngoma wala besi, wakipiga hata tungo za Sidney Bechet, mkongwe wa jazi.

Msikilizaji aliyezoea akodiani katika taarab ya Unguja ana sikio la kuanzia. Aanze na New Musette, kisha Belle Époque, kwa spika za masikioni, na afuatilie noti ndefu zinavyoishia: hapo ndipo mvukuto unasikika ukivuta pumzi.