Mafiga Matatu

Kila nikitaja usonji na uchaguzi kwa pamoja, iwe Rulenge au Nyakahura, naulizwa swali lilelile: kwani hao nao wanapiga kura? Wanapiga. Ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa haki hiyo kila raia aliyetimiza miaka 18. Ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kuweka masharti kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Usonji si ugonjwa wa akili. Ni namna ubongo unavyokua na kupokea sauti, mwanga, maneno na nyuso za watu. Mtu huzaliwa nao, akazeeka nao.

Habari za laana ya ukoo na mtoto aliyerogwa nimezichoka. Mganga anayemchanja chale mtoto asiyesema anamuumiza bure. Na wasomi wa mjini wanaosingizia chanjo hawana udhuru: utafiti wa Andrew Wakefield wa mwaka 1998 ulifutwa na jarida lenyewe lililouchapisha, Lancet, mwaka 2010. Septemba 2025 Donald Trump aliwaambia wajawazito wajiepushe na parasetamoli, akiihusisha na usonji. Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba hakuna ushahidi wa kuthibitisha uhusiano huo.

Nayasema haya kwa sababu mgombea anayeamini usonji ni balaa la mtoto ataongea na mama wa mtoto tu. Jukwaani "wenzetu wenye ulemavu" ni viti mwendo na fimbo nyeupe. Usonji ukitajwa, hutajwa tarehe 2 Aprili, siku yake duniani, pamoja na neno "watoto". Lakini aliyekuwa na miaka 5 siku hiyo ilipoadhimishwa mara ya kwanza, mwaka 2008, alikuwa na miaka 22 au zaidi Tanzania ilipopiga kura Oktoba 29, 2025.

Nilikusudia kueleza lugha ya jukwaani, kisha kelele za mkutano, kisha kituo cha kura. Lugha itanichelewesha.

Chukua "mafiga matatu", msemo wa CCM wa kuombea kura ya rais, mbunge na diwani kwa mpigo. Wengi wetu tunauelewa kabla mgombea hajamaliza: chungu hakikai juu ya mawe mawili. Tunasaidiwa na sauti yake, uso wake, kicheko cha aliye pembeni. Watu wengi wenye usonji hawaupati ujumbe kwa njia hizo. Wanaupata kwenye neno lenyewe. Kijana wa namna hiyo akiuliza mafiga yako wapi, hajapungukiwa akili. Amesikia kilichosemwa. Na mgombea hahitaji kuacha misemo, amalizie tu: "Yaani utapewa karatasi tatu, na ninaomba uweke alama ya vema kwa mgombea wa chama changu katika kila moja." Sekunde kumi. Bibi wa Ngara anayeongea Kihangaza nyumbani naye atashukuru.

Masikio hayohayo ya kijana yule hushika ahadi pia. Nikeli ya Kabanga imesemwa Ngara tangu uchunguzi wa miaka ya 1970. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo ina hisa za asilimia 16. Mgombea anasema "ajira zinakuja", watu wanapiga makofi. Anayesikia neno lilivyo anataka kujua: mwaka gani, nafasi ngapi, na ni za mgodini Ngara au za kiwanda cha kusafisha madini kilichopangwa Kahama, mkoa mwingine kabisa? Ni swali halali, na mgombea analijibu kwa tarehe na idadi, au anakiri hana. Kumpigapiga begani na kumwita "kijana wetu" si jibu.

Kelele ni jambo fupi: spika zielekezwe upande mmoja, pabaki mahali pa kusimama kwa mbali na bado mtu asikie.

Kituoni, mara nyingi darasani, jina la kijana huyo linasomwa kwa sauti mbele ya mawakala waliomkodolea macho. Anapewa karatasi, anaingia kwenye kituturi, anatumbukiza kura, kisha kidole kinachovywa wino. Ubichi ule wa wino unaweza kumshtua kuliko foleni nzima. Mama anaweza kumzoesha wiki moja kabla kwa wino wa kalamu, na kumpeleka aone darasa likiwa tupu. Wenye ulemavu hupewa kipaumbele kwenye foleni, na anayehitaji msaada huruhusiwa kuja na mtu anayemwamini. Kama hakuomba msaada huo, mama anabaki nje, na karatasi zinakunjwa bila yeye kuziona.