Koti la Mheshimiwa

Hapa Isiolo wapo watu ambao hadi leo wananiita Mheshimiwa. Wananiita kwa mzaha, hasa vijana wa bodaboda, nami huwapungia mkono kama mtu aliyezoea. Sijawahi kuwa mheshimiwa wa chochote. Mwaka 2013, Kenya ilipofanya uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya, niligombea uwakilishi wa wadi nikapata kura 214. Za mshindi sina haja ya kuzitaja.

Kila kiongozi anapong'ang'ania kiti, au anapomwaga mali yake yote ili akipate, watu huuliza: huyu anatafuta nini hasa? Jibu la vibarazani ni pesa. Sikatai, pesa ipo. Lakini mimi niliacha ualimu ikiwa imebaki miaka mitano nistaafu, nikauza mitamba saba, nikakopa kwa shemeji ambaye hadi sasa tunasalimiana kwa uangalifu. Mtu anayetafuta pesa hapigi hesabu ya namna hiyo. Kulikuwa na kitu kingine, na ilinichukua muda kukijua.

Kilianza kwenye mchango wa shule. Siku hiyo mimi ndiye niliyeshika maikrofoni, kazi yangu ikiwa kuita wageni kwa majina na kuwaambia wakae wapi. Viti vya mbele vilikuwa vya kitambaa, vya nyuma vya plastiki, na kwa saa tatu watu wazima wenye magari walisubiri nitamke neno ndipo wakae. Tulipomaliza, mzee mmoja akanishika bega: “Mwalimu, sauti hiyo si ya darasani.” Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikalala nayo, nikaamka nayo. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimenunua koti la kijivu la mtumba.

Tangu hapo nilibadilika bila kujiona. Nilianza kutembea polepole. Simu ikilia niliiacha kidogo kabla ya kupokea. Nikawa nasema “tumeamua” na “tunaona” hali nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu na paka. Jioni walikuja vijana wanne, wapambe wangu, wakanywa chai yangu na kutafuna miraa niliyoinunua mimi, wakinihakikishia kwamba hadi Kulamawe jina langu linatajwa. “Wanakutaja kwa sababu unawanunulia miraa,” mke wangu akasema. Yeye huuza maziwa ya ngamia. Alfajiri hupakia mitungi kwenye basi la Nairobi, ipokelewe Eastleigh kabla maziwa hayajachacha. Anajua kupima kitu kwa lita. Sikumsikiliza. Niliona hanielewi.

Baada ya kushindwa niliugua kwa miezi kadhaa, ugonjwa usio na jina. Kisha binti yetu, aliyekuwa akisomea saikolojia Nairobi, akaja likizo na picha tatu. Picha za kawaida tu: mtu dirishani, watu wawili mezani, mzee na kijana. “Abba, hebu niambie hapa kunatokea nini.” Nikamsimulia. Aliandika kimya, halafu akanisomea hadithi zangu. Katika zote tatu, mtu fulani anaingia na waliokuwemo wanasimama.

Kipimo hicho ni cha zamani. Henry Murray na Christiana Morgan wa Chuo Kikuu cha Harvard walikianzisha miaka ya 1930. Picha haisemi chochote, kwa hiyo unachokiona ndani yake umekileta mwenyewe. Baadaye David McClelland alizitumia hadithi za namna hiyo kupima haja tatu zinazowasukuma watu: haja ya kufanikisha kazi, haja ya kupendwa, na haja ya mamlaka, yaani ya kuwagusa wengine, kuwageuza, kuona kwamba uwepo wako umewatikisa. Kila mtu anazo zote, ila kiasi chake hutofautiana. Yangu ya tatu, binti yangu alisema kwa adabu, “iko juu kidogo, Abba.”

Nilitarajia wataalamu hao waseme kwamba haja ya mamlaka ni uovu. Hawasemi hivyo. Mwaka 1976, McClelland na mwenzake David Burnham waliandika kuhusu mameneja na wakaonyesha kwamba aliyefaulu kuongoza alikuwa na haja kubwa ya mamlaka, kubwa kuliko haja yake ya kupendwa. Bosi anayetaka kupendwa na kila mtu humpa huyu ruhusa na kumnyima yule, akaharibu kazi. Tofauti ilikuwa katika kujizuia. Mmoja hutaka nguvu ili jambo la watu lisimame. Mwingine huitaka kama mtu anavyotaka miraa, aisikie mwilini.

Mimi nilikuwa yupi? Hapo ndipo nililazimika kurudi nyuma sana.

Nilizaliwa 1958. Wakati wa vita vya shifta, serikali ikipigana na waliotaka kujitenga, ilipowakusanya watu wa Waso, yaani sisi Waborana wa Isiolo, kwenye kambi za Garba Tulla, Merti na Modogashe, nilikuwa mtoto wa miaka minane. Mifugo haiwezi kulishwa ndani ya uzio. Ngamia wa baba yangu waliisha, wengine kwa risasi, wengine kwa njaa. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kijana mmoja mwenye bunduki, hata ndevu hajaota, akimwamrisha baba achuchumae. Baba akachuchumaa. Yule kijana alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja. Sikumchukia kama ilivyostahili. Nilikitazama kile kiti.

Mwanazuoni wa Marekani, Harold Lasswell, aliandika mwaka 1930 kwamba mwanasiasa ni mtu aliyechukua haja ya siri ya moyo wake, akaihamishia kwenye mambo ya umma, kisha akaivisha nguo ya maslahi ya wananchi. Baadaye akaongeza kwamba wengi hukimbilia mamlaka ili wajitibu hisia ya kudharauliwa. Niliposomewa hayo na binti yangu nilitoka nje nikakaa chini ya mgunga. Kampeni nzima nilikuwa nikipiga kelele za maji na barabara, na maji na barabara vilihitajika kweli. Ila chini ya maji na barabara kulikuwa na kiti cha kukunja.

Nadharia hii haimtoshi kila mtu. Maelfu waliaibishwa kambini na hawakugombea chochote. Lakini mara nyingine inakaa vizuri mno. Daniel arap Moi alifiwa na baba akiwa mtoto mdogo, akachunga mifugo, akawa mwalimu kama mimi. Alikuwa makamu wa rais tangu 1967, na kwa zaidi ya miaka kumi alivumilia dharau za wakubwa waliomzunguka Rais Kenyatta. Mwaka 1976 baadhi yao walifanya kampeni ya kubadilisha Katiba ili makamu asirithi kiti moja kwa moja rais akifariki. Walimwona wingu lipitalo. Alipoingia Ikulu 1978, wingu lilikaa miaka 24. Mwaka 1984 aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku, wafuate wimbo wake kama yeye alivyofuata wa Kenyatta. Watu huinukuu hotuba hiyo kama kichekesho. Mimi husikia ndani yake mtu anayedai deni.

Sisemi kwamba nimempima Moi. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza madaktari wa akili kama mgombea urais Barry Goldwater alikuwa na akili timamu, na 1,189 walijibu kwamba hafai, bila kumwona. Goldwater alishtaki jarida akashinda, na mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikapiga marufuku kumpima mtu kwa mbali. Kwa hiyo hata magavana wetu wa Isiolo, pamoja na huyu ambaye bunge la kaunti lilipiga kura kumng'oa mwaka 2025 na Seneti ikaitupa hoja, nawaachia mioyo yao. Ninayeweza kumpasua ni mimi.

Na nikijipasua, naona kwamba kushindwa kuliniokoa na ugonjwa wa pili. David Owen, daktari aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliandika na Jonathan Davidson mwaka 2009 kuhusu ulevi unaowapata viongozi baada ya kupata mamlaka. Walitaja dalili 14: kudharau ushauri, kujiona na nchi kuwa kitu kimoja, kuamini kwamba utahojiwa na Mungu au historia tu, kujisemea kwa wingi. Mara nyingi, walisema, ulevi huo hupungua mtu akiondoka kitini. “Tumeamua,” nilikuwa nimeanza kusema, na kiti chenyewe sijakikalia.

Yule wa kwanza, anayetaka nguvu ili jambo la watu lisimame, naye alipita huku. Mjini kwetu kuna wadi inayoitwa Wabera, na Nairobi kuna barabara ya jina hilo, nayo hupitwa na watu wasiojua ni la nani. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya Isiolo. Mwaka 1963, wengi huku walipotaka kujitenga na kuungana na Somalia, yeye alizunguka akiwasihi watu wabaki Kenya. Juni mwaka huo alipigwa risasi akiwa safarini upande wa Modogashe, pamoja na mzee Haji Galma Dido. Wapo wazee hapa wasiokubaliana naye hata sasa, na ukiyaona yaliyofuata, vita na kambi, huwezi kuwalaumu haraka. Lakini mtu anayehitaji kupendwa haendi kuwaambia watu wenye bunduki neno wasilotaka kulisikia.

Waborana walilifikiria jambo hili la njaa ya mamlaka kabla ya Harvard. Katika gada, mfumo wao wa utawala, kundi la rika hushika uongozi miaka minane, na mkubwa wao ni Abba Gada, baba wa gada. Miaka minane ikiisha hukabidhi. Haulizwi kama amemaliza miradi. Asmarom Legesse, msomi wa Eritrea, alichapisha kitabu chake maarufu kuhusu gada mwaka 1973, na mwaka 2016 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Sikusudii kuipamba: mama yangu asingekuwa na nafasi kwenye mikutano yake. Ila walioibuni walijua kwamba mwenye njaa hii hawezi kuaminiwa kusema ameshiba. Wakaweka hesabu nje ya tumbo lake. Sisi wa Waso, mipaka ya Waingereza ilitutenga na ndugu zetu wa Ethiopia miaka ya 1930, dini nayo ikabadilika, gada ikabaki kwa wazee kama hadithi. Katiba yetu inampa rais na gavana vipindi viwili. Mbunge na mwakilishi wa wadi hawana kikomo chochote, na aliyemaliza kiti kimoja yuko huru kuhamia kingine.

Wiki iliyopita baada ya Alasiri walikuja wazee watatu. Tuliongea mvua, tukaongea bei ya mbuzi, chai ikaletwa mara mbili. Mwisho mmoja akasema uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali, na kwamba kuna wanaouliza habari za Mwalimu. Niliwaambia nina miaka 60 na kitu, nina presha, nina deni la shemeji. Nilisema yote hayo kwa utulivu mkubwa, nikajisifu moyoni.

Walipoaga, mke wangu alikuja kukusanya vikombe. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akavibeba vikombe vyake, akaondoka bila kusema neno. Nikajitazama nami. Isiolo jua linawaka, na nilikuwa nimevaa koti la kijivu. Sikumbuki niliingia ndani saa ngapi kulichukua.